Titulaire wa Dirishani

Mvua ilipoanza, Héritier alifungua mwavuli wake wenye mbavu mbili zilizovunjika, akasogeza uso karibu na nondo za dirisha, akaendelea kuongoza mkutano.

“Point ya pili,” alisema kutoka nje. “Usafi.”

Ndani, wafanyakazi wote wa Kituo cha Afya Maji Kando walikuwa wamekaa pakavu kwenye benchi la wagonjwa. Kituo kiliitwa hivyo kwa sababu mto Mulongwe ukikasirika kidogo tu, huja kukipigia hodi. Titulaire wao, yaani infirmier mkuu, muuguzi anayeongoza wote, mwenye muhuri, mwenye funguo, mwenye ofisi ya peke yake, bureau, na kiti cha magurudumu ndani yake, ndiye peke yake aliyekuwa analowa. Matone yalimwingia shingoni, yakashuka chini ya blouse nyeupe ya kazi ambayo mama yake huipiga pasi mpaka inasimama yenyewe.

“Titulaire, ingia tu,” alisema Ildephonse, infirmier wa siku nyingi, kwa huruma ya paka anayemuuliza panya kama ameshakula.

“Niko muzuri.”

“Uko unalowa.”

“Minye napenda hewa.”

Sababu ya kupenda hewa ilikuwa imekaa kwenye kona ya chumba, imeugeukia ukuta, imejifunika kikwembe, yaani kitenge, kutoka utosini hadi mabegani. Alikuwa mama Pudentienne, accoucheuse wa kituo, mwenye mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa. Na kwa bahati ambayo Héritier alikuwa bado hajaamua kama ni njema au mbaya, ndiye aliyemzaa Amandine, mke wake. Mama mukwe. Kwao watu wa Katogota, mukwe haingii chumba alimo mama mukwe. Hamtazami usoni, hamshiki mkono, hali naye sahani moja. Kuhusu kumpa amri hakuna hata methali, maana wazee hawakufikiria kama siku moja atazaliwa kichaa wa kujaribu.

Wewe unayecheka, ngoja uoe.

Kosa lilikuwa la Héritier mwenyewe. Siku alipoitwa na Docteur Irambona, mkubwa wa afya wa eneo zima, zone de santé, diploma yake ilikuwa bado inanuka wino. Alienda akitumaini kupewa zamu za sindano, pengine na kitanda cha kusinzia. Docteur akamwambia: titulaire wa Maji Kando amepata kazi kwenye shirika, ONG, kiti kiko wazi, na kwenye somo la gestion, la uongozi, wewe ndiwe uliyepata pointi nyingi. “Kuna kizuizi chochote kule?” Héritier akajibu hakuna, kabla swali halijafika mwisho. “Basi nakupa miezi mitatu,” Docteur akasema. “Nitakuja supervision, kukagua. Nikikuta unaongoza, kiti ni chako. Nikikuta hauongozi, kiti kitaenda kwa Ildephonse, ananisumbua nacho kila mwaka.”

Na kweli aliongoza, kwa namna yake. Kwa mambo madogo walikuwa na frigo. Frigo ya chanjo ilisimama katikati ya korido, ndefu na nyeupe kama sista wa mission. Héritier alisimama upande mmoja, mama Pudentienne upande mwingine, hakuna aliyemwona mwenzake.

“Frigo, uambie mama kama gants zimefika.”

“Frigo, uambie titulaire aksanti. Lakini bameleta za mukono wa kushoto tu.”

Wagonjwa walizoea. Bibi mmoja aliyeteremka kutoka Bijombo kuja kupimwa presha alipita mbele ya frigo akapiga goti kabisa, akasema, “Jambo, mukubwa.”

Lakini ile point ya pili ilikuwa nzito kuliko frigo. Héritier alipotamka neno “usafi”, benchi zima liliugeukia mlango wa maternité, chumba cha kuzalia. Na maternité, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, ikajibu:

“Kokorikoooo!”

Alikuwa jogoo mwekundu, kifua mbele kama kapteni aliyekunywa, amefungwa kwa ukanda wa kikwembe kwenye mguu wa kitanda cha kuzalia. Alikwisha kunywa uji wa wazazi wawili. Alikwisha kulala ndani ya kikapu cha nguo za mtoto. Na kuna mama mmoja wa Kavimvira aliyekuwa ameambiwa apumzike kidogo, jogoo akawika, mama akasukuma. Mtoto alizaliwa kwa amri ya jogoo.

Mwingine yeyote angekwisha kuwa mchuzi. Huyu hapana. Huyu ni jogoo wa bukwe, wa kuunganisha wakwe. Héritier mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa mikono yake miwili, siku alipoenda kumwomba Amandine. Jogoo wa namna hiyo hauzwi, hachinjwi, wala mama mukwe hamwachi mbali na macho yake mpaka mjukuu wa kwanza alie. Mjukuu akilia, ndipo jogoo huwa mchuzi wa mzazi; akipotea kabla ya hapo, ni ndoa imepotea. Na majirani wa mama Pudentienne walikuwa watu wa kupenda mchuzi. Kwa hiyo kila asubuhi mama alikuja kazini na mkoba begani na ndoa ya binti yake kwapani.

“Tuliachia ku usafi,” alisema Ildephonse kwa sauti kubwa, akipangusa kidevu chake kikavu. “Endelea, Titulaire. Tunakusikiliza.”

Héritier akafungua kinywa. Likaingia tone la mvua. Akafunga kinywa.

Simu yake ikalia mfukoni. Ujumbe kutoka zone: Docteur Irambona atafika Ijumaa kwa supervision. Ataanzia maternité.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

⁂

Nyumbani, mtaa wa Mulongwe, bugali ilikuwa imeshafunuliwa, sombe ya majani ya muhogo inatoa moshi, ndagala, dagaa wa kule, zimejaa sahani. Ndagala hazikosekani nyumba ile, maana mama Marie-Rose, mama wa Héritier, anaziuza sokoni. Tangu mwanawe ateuliwe, alikuwa amehamisha kibanda chake kutoka karibu na mfereji hadi mbele, karibu na njia, na kila mteja aliyepima kopo moja aliongezewa habari za titulaire bure.

Leo hakuwa na uso wa kuongeza kitu.

“Mama Chance wa jirani ameniuliza mbele ya bantu,” alisema, akikata bugali kama anaiadhibu. “‘Marie-Rose, mutoto yako ni titulaire ao ni mwizi? Kila siku nikipita ameshika nondo za dirisha.’ Mbele ya bantu, Héritier!”

“Mama, ni heshima.”

“Heshima gani ya kushika nondo? Na weye sasa banakuita namna gani? Usinifiche.”

Héritier akameza. “Titulaire wa dirishani.”

Amandine akacheka, kisha akaona uso wa mumewe, akajifanya amepaliwa na mfupa wa ndagala. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye macho ya kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, na ulimi wa kuusema.

“Docteur akimukuta jogoo, nimekwisha,” Héritier akasema. “Ildephonse ameshashona muto ya kuweka ku kiti. Nimeuona. Ya bluu, iko na maua.”

“Basi useme mama atoe jogoo,” Marie-Rose akasema.

“Minye? Nimwambie mama mukwe?”

“Amandine amwambie. Ni mama yake.”

Amandine akaweka kipande cha bugali chini. “Mama, kwa ile bukwe, ule jogoo ni minye. Sasa niende kwa mama yangu niseme, ‘Mama, bwana yangu anasema ninanuka, unitoe mu chumba’? Atauliza: umefanya nini huko?”

Lilikuwa neno la kweli. Jambo la jogoo lilitaka mwanaume mkubwa, mwenye mvi, wa kulibeba kwa adabu. Baba mdogo wa Héritier angefaa, lakini yuko juu Bijombo na ng'ombe wake, simu inashika akipanda kilima kimoja tu, na kile kilima hapendi kukipanda.

“Ildephonse iko na mvi,” Héritier akasema polepole.

“Ildephonse anapenda kiti yako kuliko anavyopenda bibi yake,” Amandine akasema.

“Mu gestion balitufundisha: kuongoza ni kumutuma mwingine.”

“Na baliwafundisha kumutuma fisi kuchunga mbuzi?”

Kijana akishapata pointi nyingi kwenye somo, mke hana nguvu juu yake.

⁂

Ujumbe alioutengeneza Héritier ulikuwa mtamu kiasi cha kupaka mkate. Alimpa Ildephonse Jumatano, nyuma ya kituo, wakiwa wamesimama kando ya pipa la maji.

“Umwambie mama, kwa heshima zote, kama jogoo ni uzuri wa nyumba yetu. Kama kila nikimusikia anawika moyo yangu inatulia. Lakini juu ya wageni wa Ijumaa, kama ingewezekana, na kama haitamuumiza, basi apumzike pahali pengine siku moya tu.”

“Nimeshika yote,” Ildephonse akasema.

“Rudia.”

“Titulaire, minye nilikuwa infirmier wakati weye ulikuwa unanyonya.”

Akaingia. Akatoka kabla Héritier hajamaliza kukunja mikono ya blouse.

“Nimesema.”

“Amesema nini?”

“Amelia.”

“Kwa furaha?”

Ildephonse akatazama juu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mabati.

Maneno yaliyotoka kwa Héritier yamevaa suti na tai yalikuwa yamefika kwa mama Pudentienne uchi. Ildephonse aliingiza kichwa tu mlangoni, akasema: “Mukwe wako anasema hamutaki tena ule jogoo yake.” Akafunga mlango. Na kila mtu wa upande ule anajua kwamba kumkataa jogoo ni kuikataa bukwe. Hakuna barua ya talaka iliyo wazi zaidi.

Mama Pudentienne hakupitia hata kwenye frigo. Alimfungua jogoo mguu, akamtia kwapani, akaenda zake akiwa amejifunika kikwembe, analia kwa sauti ya chini, na jogoo akiangalia nyuma kama abiria wa dirishani.

⁂

Alhamisi asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Marie-Rose. Akashuka papa Hatungimana, baba wa Amandine, mkulima wa Katogota, amevaa koti la harusi yake mwenyewe na buti za shambani. Kwapani alikuwa na jogoo.

Marie-Rose alimwona kutoka jikoni. Akaelewa mara moja. Akafunga mlango.

“Hodi!” Hatungimana akasema.

“Hakuna muntu!” Marie-Rose akajibu kutoka ndani.

“Sasa nani anasema?”

“Sijue!”

Lakini Amandine na Héritier walikuwa uani, hawakuwa na mlango wa kufunga. Hatungimana akawasogelea, polepole, kama mtu anayepeleka msiba. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Héritier, mwana yangu. Siye hatuna vita. Ulituletea, tukapokea. Leo humutaki, tunarudisha. Shika jogoo yako.”

Akamnyooshea.

Sasa usikilize vizuri, maana hapa ndipo ndoa ilikuwa inaning'inia. Kurudisha jogoo hakukamiliki mpaka mkono wa nyumba ya mukwe umpokee. Mkono wa nani si kitu; hata wa mgeni wa nyumba ile unatosha. Ukimgusa tu, imekwisha, Amandine anafunga sanduku. Héritier alilijua hilo tangu utotoni. Akainua mikono yote miwili juu.

“Shika,” Hatungimana akasema.

“Sishiki, papa!”

Hatungimana akamgeukia Marie-Rose, ambaye alikuwa ametoka kwa kushindwa na udadisi. Marie-Rose akapiga kelele, naye mikono juu, mwiko wa bugali ukiwa bado kwenye mmojawapo. Amandine, ambaye hakujua sasa anahesabiwa nyumba gani, akainua yake pia, kwa usalama.

Mama Chance akapita njiani, akaona familia nzima mikono juu mbele ya mwanaume mwenye koti. Akatupa beseni lake akaanza kukimbia. “Wezi! Wezi kwa Marie-Rose!” Majirani wakatoka na majembe. Walipofika wakaambiwa ni mambo ya jogoo tu, nao wakainua mikono juu, maana hakuna aliyetaka kuingizwa kwenye talaka ya watu asubuhi ile.

“Papa,” Amandine akasema. “Kama jogoo anabaki hapa, minye narudi nawe ku pikipiki ileile, ao natafuta yangu?”

Hatungimana akaangalia buti zake. Alikuwa anampenda mukwe wake, na alikuwa ametoka Katogota alfajiri akiomba njia nzima pikipiki ipasuke tairi.

Héritier akamtazama Amandine akiwa amesimama mikono juu, kipimo cha ushonaji kikining'inia shingoni. Akafikiria Ijumaa: jogoo akirudi maternité, kiti kinaenda. Jogoo akibaki hapa, Amandine anaenda. Akatafuta kichwani mwake kila kitu alichojifunza kwenye gestion, na ukweli ni kwamba profeseri wa gestion alikuwa analala darasani kuliko wanafunzi. Lakini siku moja, kabla ya kusinzia, alisema jambo: mfanyakazi asiyefukuzika, mpandishe cheo.

“Papa,” Héritier akasema, mikono ikiwa bado juu. “Nani alisema hatumutaki?”

“Ildephonse alimwambia mama yenu.”

“Ildephonse hakushika maneno yote. Minye nilisema simutaki *mu maternité*. Mule kuna joto, kuna kelele, bamama banalia. Ni pahali pa jogoo ya bukwe pale? Kufungwa mu mguu wa kitanda kama mbuzi wa soko?”

Hatungimana akamtazama jogoo, kana kwamba anamuuliza.

“Sasa unamutaka wapi?”

Héritier akavuta pumzi. “Nimemupatia bureau.”

“Bureau ya nani?”

“Yangu.”

Majirani wakashusha majembe.

“Na kiti?” Hatungimana akauliza kwa sauti ndogo.

“Na kiti.”

“Kile chenye magurudumu?”

“Kile chenye magurudumu, papa. Minye mwenyewe sijakikalia hata siku moya.”

Hatungimana akamkumbatia jogoo. Akamkumbatia kweli, mpaka jogoo akatoa sauti. Kisha akatoa simu yake, akaipandisha sikioni kwa mkono wa pili.

“Mama Amandine? Acha kulia. Acha, nasema! Bamemupatia bureau!”

Halafu simu ile ndogo ikatoa vigelegele ambavyo vilimfanya jogoo ajaribu kuruka na majirani wote warudi nyuma, mikono juu tena.

⁂

Hatungimana mwenyewe ndiye aliyempeleka, maana mkono wa nyumba ya Héritier ulikuwa bado hauruhusiwi kumgusa. Akaingia ofisini na buti zake, akavua kofia, akamweka jogoo juu ya kiti. Jogoo akazunguka nusu duara na kiti chake, akashtuka, akakipenda.

Mama Pudentienne, naye, akavua viatu akaanza kusugua maternité. Hakuna aliyemwambia. Alisema tu, bila kumtazama yeyote, kwamba mahali alipotoka mkubwa hapabaki pachafu, watu watasema nini? Akasugua sakafu, akasugua miguu ya kitanda, akachemsha mashuka, akaosha hata kuta mpaka pale mkono ulipoishia, kisha akaomba kiti akaendelea juu. Korido yote ikanuka sabuni. Héritier alisimama upande wake wa frigo, akasikiliza brashi, hakusema neno. Kuna wakati kiongozi akifungua kinywa anaharibu.

Ijumaa Ildephonse alikuja amechana mvi zake, amevaa tai, na mto wa bluu wenye maua chini ya mkono.

Docteur Irambona alishuka kwenye gari akiwa na haraka ya mtu mwenye vituo vingine vya kupitia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani aliyoivaa ncha ya pua kwa ajili ya kutisha.

“Titulaire iko wapi?”

Benchi zima likaonyesha dirisha.

“Jambo, Docteur,” likasema dirisha.

Docteur akalitazama muda mrefu, akaamua kuanza na maternité. Akapitisha kidole kwenye kitanda. Akafungua bomba la ndoo, akanusa sabuni. Akainama kabisa, akachungulia chini, akakuta ukanda mmoja wa kikwembe na hakuna kingine. Akanyanyuka, miwani ikiwa imepanda juu kidogo.

“Miaka yote nakuja hapa,” akasema, “hii ni mara ya kwanza naona rangi ya sakafu.”

Ildephonse akakohoa. “Docteur hajaona bureau.”

“Bureau ina nini?”

“Docteur ajionee.”

Akaufungua mlango kwa mkono mmoja, kwa adabu kubwa, kama anayefungua kanisa. Ndani, nyuma ya meza, kati ya muhuri na kalenda, jogoo mwekundu alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Akamtazama Docteur kwa jicho moja. Kisha akageuza kichwa akamtazama kwa la pili, kama anayeuliza: una miadi, una rendez-vous?

“Huyu ni nani?” Docteur akauliza.

“Ndiye anayekaa ku kiti, Docteur,” Ildephonse akasema, na utamu ulikuwa unamchuruzika. “Titulaire anakaa ku dirisha. Accoucheuse anasemeshana na frigo. Sasa Docteur, minye nauliza tu: nani anaongoza hapa?”

Héritier alikuwa amekimbia kuzunguka jengo. Uso wake ukatokea kwenye dirisha la ofisini, umelowa jasho.

“Eleza,” Docteur akasema.

Akaeleza. Alieleza bukwe, akaeleza jogoo, akaeleza mjukuu wa kwanza, akaeleza mikono juu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia kiti kikimtoka, maana hakuna mahali kwenye vitabu vya supervision palipoandikwa jogoo.

“Nilikuuliza kama kuna kizuizi kule. Ukasema hakuna.”

“Docteur, siku ile ungeniuliza kama niko na kichwa, ningesema hakuna.”

Mdomo wa Docteur ukavutika upande mmoja. Akageuka, akarudi koridoni. Wote wakamfuata, na Héritier akafuata kwa nje, dirisha kwa dirisha.

“Mama Pudentienne. Weye ndiwe mukubwa hapa kwa miaka. Huyu kijana anaongoza ao haongozi?”

Mama Pudentienne alivuta kikwembe usoni, maana mukwe alikuwa kwenye dirisha la tatu. Akaenda akasimama karibu na frigo.

“Frigo,” akasema, “uambie Docteur kama minye nimetumika na batitulaire mingi. Bote balikaa ku kiti. Balipiga meza, balipiga kelele, na minye nilifanya yenye nilipenda. Huyu hajakaa hata siku moya. Hajanisemesha hata neno moya. Na angalia maternité.”

Frigo ikanguruma kidogo, kama inatafakari.

Docteur Irambona akasogea karibu na frigo. Akalegeza miwani.

“Frigo,” akasema, “uambie mama nimesikia. Tena umwambie mama mukwe yangu iko Bujumbura, na mpaka leo namuogopa hata ku simu.”

Kisha akaligeukia dirisha.

“Héritier. Kiti ni chako.”

Nyuma ya nondo, mwavuli uliofungwa ulianguka chini.

“Lakini,” Docteur akasema, “jogoo mu bureau, hapana. Supervision ijayo nisimukute.”

“Docteur, hatuwezi. Mupaka mujukuu wa kwanza alie.”

Docteur akamtazama Héritier. Akamtazama mama Pudentienne, kikwembe kizima. Akafungua ajenda yake, akafunua kurasa nyingi kwenda mbele.

“Basi hiyo si kazi ya kituo. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Supervision ijayo nitaifanya kisha miezi tisa.”

Mabega ya mama Pudentienne yakaanza kutikisika chini ya kikwembe. Héritier, bila mvua hata tone, akafungua mwavuli wake akajificha.

Docteur alipokuwa anatoka alimkuta Ildephonse amesimama mlangoni mwa ofisi, bado ameukumbatia mto.

“Na huo muto, umeuleta weye?”

“Ndiyo, Docteur, nilikuwa…”

“Vizuri sana. Umuwekee. Mukubwa asikae pagumu.”

Na Ildephonse, aliyekitamani kile kiti tangu wakati wa titulaire wa kwanza, akainama mbele ya jogoo, akamnyanyua kwa mkono wa kushoto, akaweka mto wa maua kwa mkono wa kulia.

⁂

Héritier aliendelea kuongoza kutoka dirishani. Siku ya kwanza ya mwezi alinunua mwavuli mpya, mkubwa, wenye mbavu zote, na Marie-Rose sokoni akaanza kusema kwamba wakubwa wa siku hizi wanafanyia kazi nje, ni mtindo. Watu hawakumwamini, lakini alikuwa anaongeza ndagala juu ya kopo, wakamwitikia.

Ikapita miezi miwili hivi. Asubuhi moja Amandine alifunua sufuria ya ndagala, akaziangalia, akaweka mkono mdomoni, akakimbilia nyuma ya nyumba. Marie-Rose akamsikiliza kutoka jikoni mpaka mwisho. Kisha akachukua kikwembe chake kizuri, akapanda pikipiki, akaenda Maji Kando bila kusema anaenda wapi.

Alisimama upande mmoja wa frigo. Alinong'ona. Upande wa pili vigelegele vya mama Pudentienne vikalipuka, na wagonjwa wote koridoni wakawapigia makofi bila kujua sababu.

Kuanzia siku hiyo jogoo alianza kuletewa mchele. Mchele safi, asubuhi na jioni, na mahindi yaliyopondwa, na maji kwenye kikombe cha udongo. Mama Pudentienne alimpapasa kifua kila siku, akapima unene kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akaongeza.

Kituo kizima kilijua. Dirishani, Héritier alikitazama kile kiti kwa jicho la mtu ambaye zamu yake inakuja. Jogoo peke yake, amekaa juu ya mto wa maua, tumbo limejaa, aliamini kwamba hatimaye kazi yake imetambuliwa.